Rafiki Kabla ya Njia

Waarabu wana methali fupi: ar-rafiq qabla at-tariq, yaani rafiki kabla ya njia. Mswahili anayeisikia kwa mara ya kwanza hahitaji msaada mkubwa wa mkalimani, maana maneno yake yote matatu yanaishi kwetu. Rafiki tunaye. Kabla tunayo. Na hiyo tariq, njia, tunayo katika umbo la tarika, ingawa kwetu tarika haina lami wala kokoto. Ni njia ya kiroho ya masufi, Kadiria, Shadhilia na nyinginezo. Neno likivuka bahari huweza kubaki na sura yake lakini likabadili kazi.

Naitanguliza methali hiyo kwa sababu safari ninayotaka kuwasimulia, wapenzi wa lugha, ilikuwa ya watu watatu katika gari moja na lugha moja. Siku nne baadaye tulifahamu kwamba hata hiyo lugha moja, kila mmoja wetu aliifikia kwa njia yake, na kwamba njia nyingine zilikuwa na damu.

Ilikuwa mwezi wa Machi, katika mapumziko kati ya mihula. Mimi, mzaliwa wa Tanga, nilikuwa nchini Oman nikisoma Kiarabu katika chuo kimoja karibu na Nizwa. Rafiki wa kwanza alikuwa Mwomani wa Maskati, ambaye wazee wake walirejea kutoka Unguja baada ya mwaka 1964. Kiswahili chake kilikuwa cha nyumbani: alielewa kila neno, hata fumbo, lakini alikizungumza kwa sauti ya chini, kama mtu anayepita mbele ya wanaoswali. Utotoni, alituambia, ukikisema shuleni waliokuzunguka wangekuita Zinjibari, na jina hilo halikutamkwa kila mara kwa mapenzi. Rafiki wa pili alitoka Kindu, katika mkoa wa Maniema huko Kongo. Kiswahili chake kilikuwa cha uani, cha sokoni na cha kanisani, chenye mwendo wake na fahari yake. Alisema “aksanti” na “mayi”, na hakuwa tayari kuomba radhi kwa hayo kwa mtu yeyote wa pwani.

Gari lilikuwa la mjomba wake yule Mwomani, dogo, jeupe, la kutembelea mjini. Kabla hatujatoka Maskati tulikwisha kulipa cheo cha chombo cha baharini, na chanzo chake kilikuwa neno moja. Mwenzetu alikaa mbele, akaushika usukani, akauita sukkan. Nikamwuliza kama analitumia neno la meli kwa makusudi. Akashangaa, kwao ndivyo usukani wa gari unavyoitwa. Nasi ndivyo tunavyouita. Chombo kilichoongozwa kwa sukani kati ya Maskati na Unguja kimekwisha kupisha gari huku na huku, na pande zote mbili, bila kushauriana, zikachukua neno lilelile na kulifunga mbele ya dereva. Basi dereva akawa Nahodha, jina ambalo Waarabu na Waswahili wote walilipata kwa Waajemi. Mwenzetu wa Kindu, aliyeshika ramani, akawa Rubani, kwa maana ya zamani ya neno hilo, kabla halijapanda ndege. Mimi nikabaki Baharia, wa kukunja matanga na kumenya machungwa.

Kutoka Maskati hadi Sur ni yapata kilomita 200, na sehemu kubwa ya njia hiyo inabanwa kati ya milima na bahari. Milima ya Oman haina majani ya kuificha. Mtu aliyezoea Usambara huitazama kwa aibu kidogo, kama aliyeingia chumbani kwa mwenziwe bila kubisha hodi.

Tulisimama kwanza penye Hawiyat Najm, shimo kubwa lenye maji ya kijani chini yake. Wenyeji husimulia kwamba nyota ilianguka hapo, ndiyo maana likapewa jina la nyota. Wanajiolojia husema chokaa iliyeyushwa na maji taratibu hadi dari la mwamba likaporomoka. Rubani alitaka kujua tunaamini habari ipi. Nikamjibu kwamba mimi naliamini neno, kwa sababu hiyo najm ndiyo iliyotuzalia mnajimu na unajimu. Alicheka, akasema watu wa pwani mkishindwa hoja hukimbilia kamusi.

Mbele kidogo ya Tiwi tukayafikia magofu ya Qalhat, bandari iliyotajirika katika karne za kati na ambayo mwaka 2018 iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Wareno waliiharibu mwaka 1508. Jengo linaloonekana vizuri zaidi ni kaburi linalojulikana kwa jina la Bibi Maryam. Tulilitazama kutoka nje ya uzio, na nikajikuta nikimweleza Rubani kwamba Ibn Battuta, msafiri yuleyule aliyefika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alipita Qalhat pia. Kilichonifurahisha katika habari zake ni kwamba hapa aliusikiliza usemi wa watu, akaona ajabu namna walivyokuwa wakimalizia maneno yao kwa “la”. Msafiri aliyeona bandari na masoko ya nusu ya dunia alifika Qalhat akakumbuka kuandika jinsi watu wanavyomaliza sentensi! Nahodha alisikia, akatabasamu. “Kwa hiyo,” alisema kwa Kiswahili chake cha polepole, “kuchekwa kwa lafudhi hakujaanza leo.”

Tulilala Sur. Huo ndio mji wa mafundi wa majahazi, na katika makumbusho yake imehifadhiwa ghanja iitwayo Fatah al-Khair, iliyojengwa papo hapo Sur mwaka 1951. Ni chombo kizuri mno. Tezi yake imechongwa kama mlango wa nyumba ya mtu mwenye jina. Nahodha alikizunguka mara mbili, akatuonyesha mlingoti na foromali, akayataja majina ya sehemu zake kwa Kiarabu. Mengi nikayatambua kabla hajatafsiri. Nilikuwa katika furaha ile ambayo wapenzi wa maneno wanaijua, ya kukuta nyumbani kwa mwingine vyombo vya nyumbani kwako.

Rubani ndiye aliyeuliza: “Na ilikuwa ikibeba nini?”

Nahodha alijibu kwa uaminifu. Vyombo vya namna hiyo vilishusha tende na samaki wakavu Afrika Mashariki, vikarudi na boriti za mikoko. Vilitoka huku na kaskazi, vikarudi na kusi, na msimu ulikuwa ndiyo kalenda ya kila nyumba.

“Hiyo ni hii ya mwaka 1951,” Rubani akasema. “Nauliza za kabla yake.”

Hakuna aliyejibu, kwa kuwa sote watatu tulilijua jibu. Sultani Said bin Sultan alipouhamishia utawala wake Unguja katika karne ya 19, biashara iliyomtajirisha haikuwa ya karafuu tu. Ilikuwa ya pembe za ndovu na ya watu. Misafara ilikwenda bara hadi ng’ambo ya Ziwa Tanganyika, ikaingia Maniema, na Kasongo ikawa makao ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, tunayemjua zaidi kwa jina la Tippu Tip. Msomi wa lugha hawezi kumkwepa bwana huyo, maana aliyasimulia maisha yake kwa Kiswahili, na kitabu hicho ni miongoni mwa tawasifu za kwanza za lugha yetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Unguja mwaka 1897, na nchini Oman mwaka 1970.

Kiswahili chenyewe hakikuletwa na jahazi. Ni lugha ya Kibantu iliyozaliwa pwani, na Kiarabu kiliingia humo kama mgeni aliyekaa sana hadi akapewa chumba. Lakini Kiswahili cha Maniema ni habari nyingine. Hicho kilifika na misafara. Kilifika na wenye bunduki, na wapagazi, na waliofungwa shingo. “Lugha ninayoota nayo,” Rubani alituambia jioni ile, tukila samaki ufukweni, “niliachiwa na watu waliokuja kutuchukua. Sasa niambieni niipende namna gani.” Hakuwa na hasira. Aliuliza kama mtu anayeuliza bei.

Nahodha hakula tena.

Asubuhi tuliiacha bahari, tukaelekea bara. Tulikuwa tumepanga kufika Ibra jioni, kwa bibi yake Nahodha, lakini njiani tukakata kona kuingia milimani kuyaona mabwawa ya Wadi Bani Khalid, ambayo hayakauki mwaka mzima. Neno wadi lilimchekesha Rubani na mimi pia, kwani kwetu wadi ni chumba cha wagonjwa hospitalini. Kwa Waarabu ni bonde au mto, na kwa Oman hasa ni mto ambao kwa sehemu kubwa ya mwaka hauna maji. Mtu wa Kindu, aliyekulia ukingoni mwa Lualaba, hakulikubali jambo hilo kwa urahisi. “Mto bila mayi ni barabara tu,” alisema tulipokuwa tukivuka changarawe nyeupe. Nahodha alitikisa kichwa. “Usiutukane. Unasikia.”

Tulioga, tukala tende, tukalala kidogo kivulini. Alasiri mawingu yakakusanyika nyuma ya kilele, upande ule ambao hatukuweza kuuona. Kwetu tulipokuwa halikudondoka tone. Nahodha aliyatazama mara moja tu, akasema tuondoke.

Hatukufika mbali. Penye kivuko cha tatu, barabara inaposhuka na kulikata bonde, tulikuta magari matano yamesimama na watu wako nje. Kwanza tulisikia sauti. Si sauti ya maji. Ni ya mawe yanayogongana chini ya maji, kama magunia ya nazi yanayomwagwa ghalani bila kwisha. Kisha tukaona: pale tulipopita asubuhi pakavu palikuwa na mto wa rangi ya chai ya maziwa, umebeba matawi, mapipa na mti mzima wenye mizizi. Kando ya kivuko palikuwa na nguzo za kupimia kina, nyeupe chini na nyekundu juu. Weupe haukuonekana tena.

Upande wa pili, pikapu moja ikaanza kuteremka. Watu wa upande wetu wakapiga kelele na kupunga vilemba. Dereva labda hakuona, labda aliona, akaingia. Alifika theluthi ya njia, kisha maji yakainyanyua sehemu ya nyuma ya gari kwa upole wa kutisha, yakaigeuza, yakaanza kuipeleka. Iliteleza ikakwama kwenye jabali. Rubani alikwisha kukimbia kuelekea juu ya mto na kamba aliyoinyakua kwenye gari la jirani, akipaza sauti kwa Kiswahili katika bonde la Waarabu, “Si hapo! Juu! Mtupe kutoka juu!” Nahodha akamfuata akitafsiri kwa ukelele uleule. Wanaume wapatao kumi wakaishika kamba ile. Mara mbili ilipita mbali. Mara ya tatu dereva, aliyekwisha kutoka dirishani, akaidaka, akajizungushia kifuani, nao wakamvuta hadi kando, viatu hana, kilemba hana. Alikuwa mzee. Alikaa chini akatazama gari lake likiondoka kwenye jabali na kupotea kwenye kona. Kisha akamshukuru Mungu, akaomba kahawa.

“Mayi hii haina rafiki, yaya,” Rubani alimwambia Nahodha akihema. Yaya, kwao, ni ndugu mkubwa. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo.

Giza likaingia na mto haukupungua. Hakuna aliyeligusa tena wazo la kuvuka. Sheria ya nchi inawaadhibu waingiao katika mabonde yanayotiririka, na sheria ilikuwa imekwisha kujieleza mbele ya macho yetu. Waliosimama pale wakagawana walichokuwa nacho. Tukapata mikate, jibini na dele zima la kahawa. Baadaye kila mtu akarudi garini mwake, nasi watatu tukabaki macho, vioo vimefunguliwa kidogo, tukisikiliza mawe.

Ndipo Nahodha alipofanya jambo ambalo hatukulitegemea. Alisema kwamba bibi yake, wakati wa mvua, alikuwa akiwatungia watoto mashairi, na kwamba yeye hajawahi kutunga hata mshororo kwa Kiswahili. Kisha, kwa sauti yake ile ya kupita mbele ya wanaoswali, akahesabu mizani kwa vidole juu ya usukani, akasema:

Bonde limejaa maji, imesimama safari.

Mizani nane na nane. Nikampigia kofi. Kwa kuwa vina alikwisha kuvitega, nikafuata na langu, la utani:

Akwama hata mwenyeji, twalala ndani ya gari.

Tulicheka, tukamgeukia Rubani, ambaye siku zote alidai kwamba ushairi wenye kuhesabiwa ni ugonjwa wa watu wa pwani. Alikaa kimya muda mrefu hata nikadhani amelala. Kisha akasema, bila kuhesabu chochote, na mizani ikatimia:

Walipita wabebaji, na si wote kwa hiari.

Hapo malumbano yakakoma. Tarbia inataka mshororo wa nne, na mshororo wa nne ni kituo. Ndio unaofunga mlango wa ubeti. Mimi nilikuwa na vituo vitatu au vinne mdomoni, vyote vyenye vina sahihi na vyote vya uongo. Kusema sote ni ndugu lilikuwa jambo jepesi. Kusema yaliyopita si ndwele lilikuwa jepesi zaidi, hasa kwa asiyekuwa mgonjwa. Nahodha hakusema kitu. Tukauacha ubeti wazi, na usingizi ukatuchukua mmoja mmoja.

Alfajiri mto ulikuwa umerudi kuwa mawe, na katikati vijito viwili vya kufika kwenye kifundo cha mguu. Vijana walikwisha kuondoa magogo. Tulivuka taratibu, na tulipokuwa tukidhani tumepona, jiwe lenye ncha likapasua tairi la nyuma. Tukafunga tairi la akiba, tukajikokota hadi barabara kuu, na kwenye mji wa kwanza Nahodha akauliza banshar iko wapi. Sikuhitaji kuelezwa. Kule neno la Kiingereza la tundu la tairi lilipata mavazi ya Kiarabu likawa banshar, na jina hilo limeandikwa juu ya kila kibanda cha fundi. Kwetu lilivaa kanga likawa pancha. Majirani wawili waliazima kwa mtu mmoja, siku moja wakakutana na kuonyeshana.

Fundi alikuwa kijana wa Bangladesh, mwenye mikono myepesi. Mteja mmoja aliyekuwa na haraka alimwita, “Ya rafiq! Ya rafiq!” Niligeuka, kwa vile nilisikia rafiki. Nahodha alinieleza tukiwa kando: huku Ghuba neno hilo sasa wengi hulitumia kumwita mfanyakazi yeyote mgeni ambaye jina lake hawajajishughulisha kulijua. Lilianza na maana ya mwenza wa njiani. Nilipomlipa yule kijana nilimwuliza jina lake, akanitajia, nami nikamtajia langu. Riali zilizobaki alizihesabu kwa baisa hadi ya mwisho.

Tulifika Ibra adhuhuri. Ni mji wa mitende na wa majumba ya udongo ya wafanyabiashara wa zamani, na eneo hilo la Sharqiya lina koo nyingi ambazo majina yao mtu wa Unguja huyasikia mtaani kwake. Bibi alikuwa amekaa barazani. Kwa mujibu wa Nahodha alikuwa na umri wa miaka 70 na ushei. Aliondoka Unguja msichana aliyekwisha kuposwa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, wajukuu zangu. Marahaba. Hebu piteni ndani, mmekauka kama papa.”

Alitukalisha, akatuletea chila, halua na kahawa katika finjani, huku akituuliza habari za Tanga kana kwamba aliondoka juzi. Kiswahili chake kilikuwa kizima. Mjukuu wake, mbele yake, akawa mtu mwingine. Alizungumza kwa sauti. Akamsimulia habari za mto, za pikapu na za kamba, akamshika Rubani bega na kusema huyu ndiye aliyemwokoa mzee wa watu. Bibi akamshukuru kwa dua ndefu. Rubani, kwa haya, akaomba maji.

“Bibi, naomba mayi kidogo.”

Mkono wa bibi, uliokuwa ukimimina kahawa, ukasimama.

“Umesema nini?”

“Samahani, bibi. Maji.”

“La, la. Ulivyosema mwanzo.”

“Mayi.”

Akaiweka dele chini. Alimtazama kwa muda, kisha akamwuliza kwao ni wapi. Kindu. Hakupajua. Maniema, akasema Rubani. Hapo bibi akaitikia kwa kichwa, polepole, mara kadhaa.

“Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema hivyohivyo. Mayi. Sisi watoto tukimcheka. Tukimwambia, bibi, sema maji, naye anasema mayi. Alifariki nikiwa na miaka tisa. Walikuwa wakimwita Mmanyema. Aliletwa mtoto mdogo, hata jina la mama yake hakulijua.” Alinyamaza kidogo. “Alikuwa suria wa babu. Watu hawasemi.”

Nahodha alikuwa hajapata kuyasikia maneno hayo. Niliuona uso wake. Hakuuliza kitu, alimtazama bibi yake, kisha akamtazama Rubani, kisha akaitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa mapajani.

Rubani ndiye aliyeuliza, kwa sauti ya chini mno, kama yule bibi alikuwa na maneno mengine.

“Hakuna, mwanangu. Hilo tu ndilo lililobaki.”

Akainuka mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaenda ndani, akarudi na gilasi ya maji. Akampa kwa mikono miwili. “Haya. Mayi.” Rubani akanywa yote bila kupumzika, akabaki ameishika gilasi tupu.

Sikumbuki ni nani aliyevunja ukimya ule. Nadhani ni Nahodha, aliyesema tumetunga ubeti na umebaki kituo. Bibi, kama mtu anayepewa kazi aliyoizoea siku mbaya na njema, akasema auimbiwe. Mjukuu akaisoma mishororo yote mitatu, ya kwake, ya kwangu na ya mwenzake. Penye wabebaji bibi akainua kidole ili irudiwe. Ikarudiwa. Alihesabu juu ya vifundo vya vidole vyake, midomo ikicheza, akakataa kitu fulani kichwani mwake, akaanza tena. Kisha akatoa kituo, na nauandika ubeti mzima kama ulivyotimia:

Bonde limejaa maji, imesimama safari,
Akwama hata mwenyeji, twalala ndani ya gari,
Walipita wabebaji, na si wote kwa hiari,
Na lugha ni yao mji, sisi humo wasafiri.

Nimeukagua mara nyingi tangu siku ile, kwa jicho la mtu anayependa kutafuta kasoro. Mizani imetimia, vina vimekaa. Lakini kilichonishinda ni namna ulivyoligeuza swali. Usiku ule garini tulikuwa tukijiuliza lugha hii ililetwa na nani, na kwa hiyo tumshukuru au tumlaumu nani. Bibi hakwenda upande wa wenye misafara hata kidogo. Alisema mji ni wa wale waliobeba. Wao ndio waliotembea nayo kila hatua kutoka pwani hadi Lualaba na kurudi, wakaizungumza usiku penye moto, wakaibadili kwa vinywa vyao, wakawalea watoto nayo katika nyumba ambazo hazikuwa zao. Mwenye bunduki aliitumia kuamuru. Hao waliitumia kuishi, na lugha hukaa kwa anayeishi ndani yake. Sisi tunaogombana leo kuhusu Kiswahili fasaha, cha Unguja, cha Mombasa, cha bara na cha Kongo, tumefikia katika nyumba yao, na mgeni mwenye adabu hapangi vyombo vya mwenyeji wake.

Sidai kwamba ubeti mmoja uliponya kitu. Rubani mwenyewe alikataa kusema hivyo. Njiani kuelekea Nizwa, tukipita Sinaw jua likizama, alisema kwamba bado hajui aipende lugha hii namna gani, ila sasa anajua kuna mtoto mmoja wa Maniema ambaye hakukubali kurekebishwa. Hilo, alisema, linamtosha kwa mwaka huu.

Nahodha aliendesha kimya hadi tulipouona mnara wa duara wa ngome ya Nizwa, uliojengwa katika karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif. Kisha akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Koo lilikuwa limemkauka, na chupa ilikuwa kwangu.

“Baharia,” alisema, kwa sauti ya kawaida, ya mtu asiyeogopa kusikiwa, “nipe mayi.”